Sahani iliyorudi tupu: kisa cha Idi yetu Hamburg

Kabla ya yote, dada mwenye kisa hiki nimemuomba ruhusa, akasema andika ila jina langu liache, kwa hiyo humu nitamuita Dada tu na wengine nitawataja kwa walichofanya siku ile. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Nilikuja na soda mbili kubwa, nikala, nikacheka, nikaondoka saa mbili usiku, na sikujua kama kuna tatizo lolote mpaka wiki mbili baadaye.

Ni Idd el-Fitr ya 2025, Jumapili tarehe 30 Machi. Mahali ni Hamburg, nyumba ya wanafunzi, ghorofa ya tatu, jiko moja la kushea watu wanne. Pamoja naye tulikuwa watu 13: Watanzania saba, Wakenya watatu, Mkomoro mmoja, Mghana mmoja na binti wa Kijerumani anayekaa chumba cha pembeni. Dada ni mtu wa Unguja, huo ulikuwa mwaka wake wa pili Ujerumani. Mwaka wa kwanza Idi ilimkuta peke yake, alirudi kutoka kuswali akanywa chai na mkate akalala mpaka alasiri, sasa akajiapiza kwamba hilo halitajirudia. Kwenye grupu la wasap aliandika sentensi moja tu: "Idi mwaka huu kwangu, mje wote." Sisi tukajaza mioyo na mikono ya dua. Nimeirudia kuisoma hiyo meseji mara nyingi. Haina saa, haina nani analeta nini, na chini yake hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, "Dada tukusaidie nini?"

Sasa twende na Jumamosi, maana mambo yalianzia pale. Wale wanaofuata kalenda ya Waturuki walishajua tarehe mapema, ila wengi wetu tulikuwa tunasubiri tangazo la Saudia, na tangazo lilikuja jioni ya tarehe 29 kwamba mwezi umeandama, kesho Idi. Shida ni kwamba kesho yenyewe ni Jumapili, na Ujerumani Jumapili maduka yanafungwa kisheria, katiba yao kabisa inailinda kama siku ya mapumziko, unabakiwa na vituo vya mafuta na vile viduka vya stesheni kuu ambavyo bei zake mwanafunzi hazigusi. Kwa hiyo Dada alikuwa na masaa kama matatu ya kununua chakula cha watu 13, na funga yake ya mwisho tumboni. Alikwenda peke yake. Nyama kilo nne kwa bucha wa halali, kuku wawili, mchele, vitunguu, viazi, mtindi, samli, viungo, maziwa, tambi, yote akayabeba kwenye basi kwa safari mbili, futari akafuturu kituoni kwa tende na maji. Hayo sisi hatukuyajua. Tulikuwa kwenye grupu tunatumiana picha za mwezi.

Usiku ule ule saa zikasogezwa mbele. Ulaya wanafanya hivi kila Jumapili ya mwisho ya Machi, saa nane usiku inarukwa inakuwa saa tisa, na mwaka huo ikagongana na usiku wa kuamkia Idi. Simu inajibadilisha yenyewe, lakini saa ya jiko la umeme haijibadilishi. Akaswali, akarudi, simu akaiweka chaji chumbani, akaingia jikoni, na kila akiinua macho anaangalia zile namba za kijani kwenye oveni. Kichwani kwake ana saa moja zaidi. Sisi tukaanza kugonga kengele saa saba mchana, jiko lake linasema saa sita.

Nikifika nilimkuta na sufuria mbili. Kubwa ilikuwa ya kuazima, imeingia mchele kilo mbili na nyama yote, na imekaa juu ya sahani ya umeme ambayo kipenyo chake hakifiki nusu ya kitako cha sufuria. Anayepika pilau anajua kinachofuata. Katikati panaungua, pembeni mchele unabaki na kiini, na juu umekauka kabisa. Nyumbani kwao angechota makaa akapalia juu ya mfuniko, moto ukashuka kutoka juu, pilau likaiva taratibu kwa mvuke. Pale anapalia na nini? Alikuwa amesimama na mwiko mkononi anachungulia pembeni ya sufuria, jasho linamtoka, kanzu yake ya Idi bado ipo kwenye hanga imefunikwa na nailoni, hajaivaa. Akageuka akatuambia "karibuni, karibuni, kaeni", akatabasamu. Tukakaa. Hii sentensi inaniuma kuiandika ila ndivyo ilivyokuwa, alisema kaeni na tukakaa.

Aliyemuokoa ni yule Mjerumani. Aliwasha oveni, wakahamishia pilau kwenye trei mbili za kuokea, wakanyunyiza maji kidogo na samli, wakafunika kwa foili na kuacha moto wa wastani kama nusu saa. Likaiva. Nalisema wazi kwa yeyote atakayepikia umati kwenye jiko la umeme: usipambane na sufuria kubwa kwenye sahani ndogo, anzia juu ya jiko malizia kwenye oveni, kazi ya kupalia inafanyika humo humo.

Chakula kilikuwa kitamu, sitasema uongo. Kulikuwa na kachumbari, mtindi, kuku wa kukaanga, tambi za sukari, na kaimati alizokaanga usiku wa manane. Mghana alikula sahani tatu. Katikati ya mlo mmoja wetu akawasha udi kwenye kibaraza cha ndani ili nyumba inukie Idi, kengele ya moshi kwenye dari ikaanza kulia, jirani wa chini akapanda, na ana haki yake maana Jumapili kwao ni siku ya utulivu. Nani alikwenda kumuomba radhi mlangoni? Dada.

Kisha ikaja simu ya nyumbani, na hapa naomba nikae kidogo, maana naamini maumivu ya kweli yalianzia hapo na si kwenye hela. Tanzania walianza kufunga siku moja baada yetu, kwa hiyo ile Jumapili kwao ilikuwa bado ni Ramadhani. Mama yake alipopokea video alikuwa amefunga. Dada akazungusha simu tumsalimie, tukapunga mikono, vinywa vimejaa, trei za pilau mezani, na mama upande wa pili midomo imekauka anatuambia kuleni wanangu, Mungu awabariki, sisi kesho inshallah. Nilimuona Dada akigeuza kamera haraka isionyeshe chakula. Simu ilikatwa baada ya dakika tatu. Alikuwa ameitengeneza sikukuu nzima ili ifanane na ya kwao, na ile ya kwao ilikuwa bado haijafika.

Tukaondoka kuanzia saa moja usiku, mmoja mmoja. Waliobaki kuosha vyombo ni wawili, Mjerumani na kaka mmoja wa Arusha ambaye hata si Muislamu, alikuja kwa sababu alisema na yeye Krismasi yake iliisha vibaya na hakutaka mtu mwingine abaki na masufuria. Sisi wenye Idi yetu tulikuwa kwenye treni.

Jumatatu ndiyo ilimmaliza. Huko kwao sasa ni Idi kweli, simu yake inaingia picha tangu asubuhi, wadogo zake wamevaa nguo mpya wanamtumia voisi "Dada sikukuu yetu iko wapi?", maana Idi mtoto anamdai mkubwa sikukuu yake, yaani zawadi ya Idi. Sisi wote tuko makazini na maktaba, grupu liko kimya, jiko linanuka samli iliyoganda, na kwenye akaunti anaona ametumia euro 143. Kwa asiyejua maisha ya mwanafunzi wa kule, akaunti maalumu ya viza unayotakiwa kuijaza kabla hujaja mwaka ule wa 2025 ilikuwa inakuachia euro 992 kwa mwezi, si zaidi. Chumba chake ni 410, bima ya afya inakula zaidi ya 130, kinachobaki ndio chakula, simu, usafiri, vitabu. Alitumia karibu theluthi ya kilichobaki kwa siku moja, na hakusema neno.

Alikaa nalo wiki mbili. Halafu usiku mmoja akaandika kwenye grupu kwamba jamani nimepiga hesabu, ile Idi ilikuwa euro 143, tukigawana watu 13 ni 11 kila mtu, anayeweza anitumie. Watatu tulituma palepale. Wengine kimya. Na kaka mmoja, mtu wa Tanga, akaandika maneno manne yaliyovunja kila kitu: "Kwani Idi nayo inachangiwa?" Dada akatoka kwenye grupu.

Kwa siku kadhaa kukawa na kambi mbili. Kambi ya kwanza ikasema kaka ni bahili na hana adabu. Ya pili ikasema Dada ndiye kakosea, ukimkaribisha mtu ukamlisha kisha ukamdai, umemdhalilisha, bora ungesema mapema. Mimi nilianza kambi ya kwanza. Leo siko kambi yoyote, na nitaeleza kwa nini, maana nilikwenda kuwasikiliza wote wawili kwa nafasi.

Kaka wa Tanga kwanza. Yeye kalelewa kwenye nyumba ambayo siku ya Idi mlango haufungwi, anayepita anakula, na baba yake alikuwa anasema chakula cha sikukuu hakina bei. Kwa hiyo kusikia euro 11 aliona kama pilau aliyokula imegeuzwa ya hotelini. Jingine ambalo hakuliandika kwenye grupu ni kwamba Ijumaa ya kabla ya Idi alikuwa ametuma nyumbani pesa zote alizokuwa nazo, nguo za Idi za wadogo zake watatu. Hakuwa na 11. Alikuwa na aibu, na aibu ikatoka kwa umbo la swali.

Dada naye hakuwa anadai pilau. Aliniambia, nami naamini, kwamba kama mtu mmoja tu angempigia Jumatatu kumuuliza umeamkaje, asingeandika ile meseji maisha yake yote. Alisema hivi: "Nyumbani mama anapika zaidi ya nilivyopika mimi, na wala hachoki hivi. Nikawa najiuliza mimi nina tatizo gani."

Hapo ndipo nilipoelewa kisa. Mama yake hachoki kwa sababu hayuko peke yake, hata kama unamuona yeye tu jikoni. Kuna shangazi anayekuja na unga alfajiri, kuna mtoto wa jirani anayetumwa dukani, kuna wanaokuna nazi, na juu ya yote kuna sahani. Waliokulia uswahilini wanaijua sahani. Mama anafunika pilau kwa kitambaa anakwambia peleka kwa mama fulani, na sahani ile hairudi tupu, itarudi na visheti, na biriani ya kwao, hata na ndizi mbili kama nyumba haina kitu. Mchana wa Idi mtaa mzima unapishana na sahani. Hakuna anayehesabu kwa sababu hesabu inajifunga yenyewe, ulichotoa kinarudi kabla ya magharibi kwa sura nyingine. Ukarimu wa baba yake kaka wa Tanga ulikuwa wa kweli kabisa, ila ulisimama juu ya mtaa mzima wenye nyumba zinazopika.

Hamburg ilikuwa na nyumba moja inayopika. Sahani 12 zilitoka, zote zikarudi tupu, zikarundikana kwenye sinki. Tulibeba desturi ya kutokuhesabu tukaiacha nyuma ile ya kurudisha, na hizi mbili ni kitu kimoja, ukizitenganisha mtu mmoja ataumia, na atakayeumia ni yule aliyependa sikukuu kuliko wengine.

Halafu kuna mchango. Sisi watu wa mchango jamani, nani anatushinda? Harusi tuna kamati, mwenyekiti, mweka hazina, kadi, vikao kila wiki, na hakuna anayesema kadhalilishwa. Mchango hautuudhi kwa sababu unajulikana kabla. Karamu ya kualikwa haituudhi kwa sababu haina mchango. Kilichotuumiza ni kitu kilichoanza kama mwaliko kikaishia kama mchango, na kwenye lugha yetu hakuna neno la kitu hicho, kwa hiyo kila mtu akalijaza neno lake. Dada alisema "kwangu". Sisi tukasikia nyumba, kumbe alimaanisha jiko.

Watu wameniuliza kama saa zisingebadilika, au kama duka lingekuwa wazi Jumapili, haya yasingetokea. Yangetokea. Pilau lingeiva mapema na vyombo vingebaki vile vile.

Tulifanya nini? Yule kaka wa Arusha ndiye aliyekwenda kwa kila mtu kimyakimya, si kwenye grupu, na naona hilo ndilo lililookoa, maana kwenye grupu kila mtu alikuwa anajitetea mbele ya wengine. Alikusanya 90 na kitu kwa aliyekuwa nacho, asiyekuwa nacho hakuulizwa sababu. Alipompelekea Dada bahasha, Dada alirudisha 30 akasema hii iwe ya Idi ijayo. Mimi nilikwenda siku nyingine, sikupeleka hela maana zangu nilishatuma, nilikaa jikoni kwake nikamwambia, "Dada nisamehe, ulisema kaeni nikakaa." Akacheka sana, halafu akalia, halafu akanipa vitunguu nimenye.

Idd el-Adha kule iliangukia Ijumaa tarehe 6 Juni, na safari hii tuliipanga kwa namna nyingine kabisa. Kwanza hatukuweka nyumba moja, tuliweka tatu. Baada ya swala kifungua kinywa kwa Wakenya, mahamri na mbaazi. Mchana kwa Mkomoro, wali na kuku. Jioni Stadtpark, ile bustani kubwa ya mji, kwenye sehemu zinazoruhusiwa kuchoma nyama. Dada hakupika chochote siku hiyo, tulimkataza, akavaa kanzu yake tangu asubuhi. Kila nyumba ilipika kile inachoweza na kila aliyetoka nyumba moja kwenda nyingine alibeba kitu mkononi. Hela ya nyama ilitajwa wiki tatu kabla, kiasi kikiwa wazi, na mtu anaweza kulipa kwa kuosha, kubeba au kwenda sokoni. Kuchinja wenyewe huwezi kule bila kibali, kwa hiyo waliotaka kuchinja walituma pesa nyumbani mbuzi akachinjiwa huko.

La pili ni siku ya pili. Kwetu Tanzania waliswali Jumamosi tarehe 7, sisi tulishajua yatatokea tena yale ya Machi, tukakubaliana hakuna kutawanyika. Jumamosi mchana tulikuwa chumbani kwa Dada watu sita na viporo, tukapiga simu zote kutoka hapo, mama kwa mama, na safari hii kamera haikugeuzwa kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zinakula. Mama yake akamwambia sogeza simu nione umepika nini, akamjibu "sijapika mama, nimeletewa". Kama unaandaa sikukuu ugenini na una nguvu ya kupanga kitu kimoja tu, panga kesho yake. Siku yenyewe ina kelele za kutosha.

Kaka wa Tanga hakuja kwenye Idi hiyo. Alialikwa, alijibu ana kazi, na pengine alikuwa nayo kweli. Dada alimfungia wali na nyama kwenye sahani yake ya maua, ile aliyokuja nayo kutoka Unguja, akaifunika kwa kitambaa na kumpelekea mlangoni mwenyewe. Alifungua, akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante dada, wakasimama kidogo bila neno.

Sahani bado iko kwake. Dada hajaidai.